Duka limeungua na bima unayo: mwongozo kamili wa kudai fidia Dar es Salaam

Kila moto ukitokea Kariakoo, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Kaka, nimelipa bima miaka minne, leo wananiambia sistahili." Nami huuliza maswali matatu: hati yako imeandika anwani gani, taarifa uliipeleka kwa maandishi siku gani, na mabaki ya mali yako yako wapi sasa hivi. Nikifika swali la tatu, mara nyingi upande wa pili unakuwa kimya.

Nilikaa miaka kadhaa kwenye meza ya madai, ofisi ya dalali wa bima pale Posta. Madai niliyoyaona yakifa, mengi hayakufika hata mahakamani. Yalifia ndani ya wiki ya kwanza: mtu alipiga simu badala ya kuandika barua, au alishika fagio kabla ya kushika kamera. Mwongozo huu ni wa mwenye fremu, stoo, karakana au godauni aliyepata moto, maji au wizi. Bima ya gari ina mambo yake, siigusi hapa.

## Andaa hivi kwanza

- Hati kamili ya bima na viambatisho vyake vyote. Kava noti, ile karatasi fupi ya kuonyesha umekata bima, peke yake haitoshi.
- Risiti ya ada ya bima, yenye tarehe.
- Nakala ya fomu ya maombi uliyosaini siku ya kukata bima.
- Leseni ya biashara, TIN na mkataba wa pango.
- Ankara za manunuzi, risiti za EFD (mashine ya kodi), nyaraka za forodha, miamala ya benki na ya simu.
- Daftari la stoo, au hesabu ya mwisho ya mali.
- Picha au video za duka likiwa zima.
- Kauntabuku mpya, kalamu, na simu yenye nafasi ya kutosha kuhifadhi picha.

Kama duka lako bado limesimama, piga picha nyaraka hizi leo na uzitume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Nimeshaona hati za bima ya moto zilizoteketea ndani ya droo ya duka lile lile zilizokuwa zinalikinga. Ikikutokea hivyo usikate tamaa. Omba nakala kwa kampuni kwa barua. Hati ni mkataba wako pia, una haki ya kuwa nayo.

## Hatua ya 1: Soma hati ujue umekatia nini

Fanya hivi kabla ya janga. Kama umechelewa, fanya usiku ule ule, kabla hujaandika neno lolote kwa kampuni. Bima ni mkataba, na ukifika ubishani kinachosomwa ni maandishi. Ile kauli ya wakala, "hii ni kila kitu, mama, wewe lala usingizi," haimo humo ndani.

Hati nyingi zimeandikwa Kiingereza, ingawa tangu 2021 Kiswahili ndicho kimefanywa lugha ya sheria na mahakama nchini. Tafuta mtu akusomee mstari kwa mstari. Shika kalamu mbili: ya bluu ipigie mstari kinacholipwa, nyekundu ipigie mstari kila penye "lazima", "isipokuwa" na "ndani ya siku". Ukimaliza, mistari myekundu ndiyo itakayokuwa mingi. Ndivyo zilivyo zote.

Mambo yanayowaangusha watu wa mjini hapa ni haya.

Anwani. Fremu iko Mtaa wa Narung'ombe, stoo iko ghorofa ya nne ya jengo la nyuma. Hati imetaja fremu tu. Mzigo ulioungua ulikuwa stoo. Hapo huna bima ya stoo, hata kama mali ni ile ile na mwenyewe ni yule yule.

Mali kauli. Nusu ya Kariakoo inaendeshwa kwa mali kauli: unapewa mzigo kwa neno, unauza, unarudisha hela. Sheria ya bima inataka anayedai awe na maslahi halali katika mali, yaani ikipotea aumie mfukoni. Wewe unaumia, maana deni liko pale pale. Lakini kama hati imeandika "mali ya mkatiwa bima" bila kutaja mali aliyokabidhiwa au anayowajibika nayo, kampuni itauliza hii ni hasara ya nani. Omba maneno hayo yaongezwe mapema.

Bima ya benki. Uliposaini mkopo, ulikatwa hela ya bima na hukuonyeshwa hati. Bima hiyo mara nyingi imekatwa kwa kiasi cha mkopo, wala haifuati thamani ya mzigo, na benki ndiyo inayolipwa kwanza. Mtu ana mzigo wa milioni 120 na bima ya milioni 60, halafu anajiona amekingwa. Hesabu yake inakuja hatua ya 7, na inauma. Nenda benki, omba nakala.

Jengo na mzigo. Tangu Sheria ya Fedha ya 2022, masoko ya umma, majengo ya biashara na bidhaa zinazoingizwa nchini vimo kwenye orodha ya bima za lazima. Basi mpangaji anasema, "Jengo letu lina bima." Bima ya jengo ni ya kuta na paa la mwenye jengo. Vitenge vyako havimo. Kilemba ulicholipa ili upate fremu nacho hakimo, wala faida utakayoikosa duka likifungwa miezi mitatu. Hiyo ya faida inakatwa peke yake.

Aina ya janga. Moto unalipwa na hati ya moto. Mafuriko, vurugu na machafuko vinaweza kuwa ni nyongeza zinazolipiwa tofauti. Mwenye godauni karibu na bonde la Msimbazi akiwa na hati ya moto tupu, mvua za masika hazimhusu kampuni. Wizi nao kwa kawaida ni wa kuvunja: kufuli lililokatwa, dirisha lililong'olewa. Muuzaji wako akibeba mzigo kidogo kidogo kwa miezi sita, hiyo ni bima nyingine, ya uaminifu wa wafanyakazi.

Masharti ya kulinda mali. Mtungi wa kuzimia moto uliokaguliwa, mlinzi wa usiku, mzigo kuinuliwa kutoka sakafuni, kutokuweka tina (ya kuyeyushia rangi) na petroli ndani. Karakana za Keko zisome hapa mara mbili, maana rangi na tina ndiyo kazi yenyewe. Viandike kwenye fomu. Kuficha ndiko kunakoua madai.

Ndiyo sababu nimekwambia uitafute fomu ya maombi. Bima inaendeshwa kwa uaminifu wa hali ya juu: unatakiwa useme kila jambo zito ambalo lingeifanya kampuni ikukatae au ikupandishie ada. Uliwahi kuungua huko nyuma? Una bima nyingine juu ya mzigo huo huo? Wengi walisaini fomu tupu, wakala akajaza mwenyewe akiwa kwenye daladala. Kisheria ile saini ni yako.

Hakiki pia kama bima yenyewe ni halali. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa TIRA-MIS wa kuhakiki kava noti kwa namba yake. Na angalia tarehe ya risiti. Ada isiyolipwa kabla ya janga ni mlango wa kwanza kampuni inaoufunga.

Hatua hii imekamilika ukiweza kumweleza mtu kwa sentensi nne: mali gani, iko wapi, imekingwa na janga lipi, kwa kiasi gani.

## Hatua ya 2: Saa za kwanza: okoa, piga picha, usifagie

Piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Andika saa uliyopiga. Watu kwanza, mali baadaye.

Moto ukizimwa, una wajibu wa kupunguza hasara kama mtu asiye na bima ambavyo angefanya: toa mzigo ulio salama, funika penye kuvuja, weka mlinzi. Kila unachohamisha kipige picha kikiwa pale kilipo, kisha kiandike kwenye kauntabuku: nini, kiasi gani, kimepelekwa wapi, na nani.

Halafu acha.

Kuna mama mmoja wa vitenge nilimsaidia. Moto ulikula nusu ya duka, nusu nyingine ikaloa maji ya Zimamoto. Asubuhi yake, kwa uchungu na kwa aibu ya majirani, aliita maguta mawili, akazoa kila kitu, marobota yaliyoungua pembeni na mazima katikati, vyote dampo Pugu. Siku ya tatu mkadiria hasara, mtu anayetumwa na kampuni kupima hasara, anafika anakuta sakafu imepigwa deki, inanukia sabuni. "Mama, marobota mangapi yaliungua?" Mama anaonyesha kwa mikono, hapa mpaka hapa. Mkadiria akaandika anachokiona: sakafu safi. Alilipwa sehemu ndogo tu ya alichokuwa anadai, na hiyo ni baada ya wenye maguta kuja kutoa maelezo wamebeba safari ngapi.

Majivu ni ushahidi. Robota la kitenge likiungua, kiini chake hubaki na mikunjo inayohesabika. Pasi mia zikiungua, vyuma mia vinabaki. Kama serikali ya mtaa au mwenye jengo anakulazimisha uondoe haraka, iandikie kampuni: "Nimeagizwa kuondoa mabaki kufikia tarehe fulani, naomba mje kabla." Wasipokuja, piga video ndefu isiyokatwa, mjumbe wa mtaa akiwepo, kisha hifadhi sampuli.

Onyo jingine. Kama chanzo ni jirani, tuseme fundi wa kuchomelea wa fremu ya pili, usimsamehe kwa maandishi na usisaini karatasi ya "hatudaiani". Kampuni ikishakulipa inachukua nafasi yako kumdai yeye. Ukiwa umeshafuta haki hiyo, inaweza kukukatalia wewe. Na moto ukitoka kwako kwenda kwa jirani, mpe pole, msaidie kubeba, lakini usiandike popote kwamba utamlipa kabla kampuni haijajua.

## Hatua ya 3: Toa taarifa kwa maandishi

Hati yako ina muda wa kutoa taarifa. Nyingine zinasema "mara moja", nyingine zinataja siku. Wewe lenga saa 24. Simu piga, ni vizuri, lakini baada ya simu andika.

Hapa kuna jambo la kisheria ambalo wengi hawalijui. Wakala wa bima anaiwakilisha kampuni. Dalali wa bima anakuwakilisha wewe. Ukimwambia wakala, una hoja kwamba kampuni imeshaambiwa. Ukimwambia dalali, umejiambia mwenyewe mpaka naye afikishe. Usibaki unapima nani ni nani. Peleka barua kwenye kampuni yenyewe, nakala kwa aliyekukatia.

Barua haihitaji mapambo:

"Mimi ni mmiliki wa duka lililopo (anwani kama ilivyo kwenye hati), hati ya bima namba (…). Tarehe (…) saa (…) duka langu limepatwa na moto. Mali iliyoharibika ni pamoja na (…). Chanzo kinachunguzwa. Naomba mtume mkadiria hasara na mnijulishe kwa maandishi nyaraka mnazohitaji. Mabaki yapo na yanalindwa."

Angalia neno "chanzo kinachunguzwa". Dar kila moto ni "shoti ya umeme" kabla hata moshi haujaisha. Usiandike shoti. Wewe si fundi wa uchunguzi, na hati nyingine zinaondoa uharibifu wa umeme kwenye kifaa chenyewe. Ukishaandika shoti, ripoti ya Zimamoto ikaja na jambo lingine, unaanza safari ukiwa na maelezo mawili yanayopingana.

Chapisha nakala mbili. Moja wachukue, nyingine wagonge muhuri wa kupokea, tarehe na jina. Mapokezi wakikwambia "muhuri hatuna, acha tu," tuma kwa barua pepe hapo hapo ukiwa umesimama. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi, hata wa WhatsApp, basi usifute mazungumzo na usibadilishe simu bila kuhifadhi.

Ukitoka hapo na nakala yenye muhuri, au barua pepe iliyojibiwa na kupewa namba ya madai, hatua imekwisha. Huna namba ya madai? Bado hujatoa taarifa.

## Hatua ya 4: Karatasi za mamlaka

Polisi kwanza, upate RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Kwa wizi ni lazima, kwa moto pia itaulizwa. Sema ulichokiona, usijaze mapengo.

Kisha omba ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa barua, usingoje waite. Ripoti hii hutazamwa kuliko karatasi nyingine yoyote, kwa hiyo ikitoka isome: anwani iko sawa? jina la biashara? ghorofa? Kosa la namba ya ghorofa likirekebishwa siku hiyo ni dakika kumi. Likigunduliwa na kampuni ni miezi.

Mafuriko? Mamlaka ya Hali ya Hewa hutunza takwimu za mvua. Barua ya serikali ya mtaa nayo inasaidia kuthibitisha maji yalifika wapi. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi kwa nguvu usiku ule? Andika TANESCO kuuliza, uwe na nakala. Mfanyakazi wako akiumia, hilo linakwenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ni madai tofauti, usiyachanganye.

## Hatua ya 5: Jenga hesabu ya hasara

Hapa ndipo fedha zilipo, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Kampuni haitalipa bei ya kuuzia. Inalipa kilichokugharimu kuuleta mzigo dukani. Kama umesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ile asilimia 18 uliyokwisha kurejeshewa na TRA, mamlaka ya mapato, kwa kawaida haimo kwenye fidia, kwa hiyo itoe mwenyewe kabla hawajaitoa wao wakakuona mjanja.

Njia inayokubalika ni rahisi: mzigo uliokuwepo siku ya mwisho uliyohesabu, jumlisha manunuzi baada ya hapo, toa mauzo (kwa gharama ya kununulia), unapata kilichokuwepo siku ya janga. Toa kilichosalia kizima. Kinachobaki ndiyo hasara. Kila namba iwe na karatasi nyuma yake.

Tatizo la Kariakoo ni kwamba karatasi zina jina la mtu mwingine. Mmechangia kontena watu saba, nyaraka za forodha ziko kwa jina la mwenye kontena. Mzigo wako ni maboksi 40 kati ya 600 na jina lako halionekani popote. Fanya hivi: omba barua ya mwenye kontena inayotaja sehemu yako, ambatisha orodha ya mzigo kutoka Guangzhou au Yiwu, risiti ya kuchangia usafirishaji, na ushahidi wa namna hela ilivyotoka kwako. Uliipeleka kwa mkono kwa mtu wa kubadilisha fedha? Tafuta ujumbe wa siku ile. Mnyororo ukikamilika, wakadiria wengi wanaukubali. Ukiwa na pete moja tu, hawakubali.

Kuna lingine ambalo watu hawapendi nikilisema. Kama mzigo wa milioni 50 uliandikishwa forodhani kwa milioni 15, ankara uliyonayo ni ya 15. Unataka bima ikulipe 50. Itabidi uthibitishe kwamba ankara yako mwenyewe ni ya uongo, mbele ya watu wanaoandika kila unachosema. Sina dawa ya hapo. Unachoweza ni kudai kile ambacho karatasi zinakubeba, na safari ijayo uandikishe sawasawa. Hali ni hiyo hiyo kwa mauzo yasiyo na risiti ya EFD: ulichowaambia TRA ndicho kitakachosomwa.

Usitie chumvi. Hati karibu zote zina kifungu kwamba udanganyifu ukigundulika kwenye sehemu ya madai, madai yote yanaanguka. Nimeona mtu mwenye hasara ya kweli kabisa akipoteza yote kwa sababu ya jenereta moja ambayo haikuwepo.

Hesabu yako iko tayari ikiwa mtu asiyekujua anaweza kuchukua mstari wowote, akauliza "hii imetoka wapi?", nawe ukatoa karatasi ndani ya dakika moja.

## Hatua ya 6: Mkadiria hasara akija

Mkadiria anateuliwa na kulipwa na kampuni ya bima. Hulipi hata mia. Akikuomba "ya mafuta", kataa kwa adabu, andika tarehe na saa.

Yeye si adui wala si wakili wako. Kazi yake ni kusema nini kilitokea na kina thamani gani. Mpokee na mtu wa pili awepo, tembea naye, mwonyeshe mabaki, mpe nakala tu, asili zibaki kwako. Andika orodha ya ulivyompa na asaini.

Atakuandikia maelezo. Kama ni ya Kiingereza nawe hukielewi vizuri, usisaini hapo. Mwambie, "Kaka, naomba niyasome nyumbani, kesho nakuletea." Au andika maelezo yako kwa Kiswahili uyaambatishe. Swali usilolijua jibu lake ni "sijui", basi. Mzee mmoja wa Gerezani aliulizwa kama mlinzi alikuwepo, akajibu "alikuwepo" kwa sababu huwa yupo. Usiku ule mlinzi alikuwa msibani Kisarawe. Wiki mbili zilipita wakibishana juu ya neno hilo moja, ilhali hati yake wala haikuwa na sharti la mlinzi.

Nyaraka zikiombwa kidogo kidogo, leo hiki kesho kile, andika barua: naomba orodha kamili ya vinavyobaki. Ukishawasilisha vyote, andika nyingine: nimekamilisha tarehe fulani. Barua hiyo ya pili ndiyo inayoanzisha saa ya kuwalaumu kwa kuchelewa.

## Hatua ya 7: Pima ofa kabla ya kusaini

Ofa ikija ndogo, omba mchanganuo. Mara nyingi kupungua kunatoka sehemu tatu.

Ya kwanza ni bima pungufu. Chukua yule wa milioni 120 aliyekata bima ya milioni 60. Ameungua mzigo wa milioni 40. Anadhani atapata 40, kwa kuwa ni chini ya 60. Kampuni inasema: ulikatia nusu ya mali, basi nusu ya kila hasara ni yako. Anapata 20. Ni halali, kama kifungu kimo kwenye hati. Unachoweza kubishia ni ile 120: je, walihesabu kwa bei ya kuuzia? walijumlisha mzigo wa anwani nyingine? Ikishuka hadi 80, fidia inapanda hadi 30.

Ya pili ni ekses, sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Ikiwa ni asilimia 10 ya madai, kwenye ile 20 inaondoka 2, zinabaki 18. Ya tatu ni mabaki: mzigo ulioloa wameupa thamani na kuutoa kwenye malipo. Kama bei yao ni kubwa mno, waambie wauchukue wao wauze.

Kisha itakuja hati ya kukiri malipo. Tafuta maneno ya "malipo kamili na ya mwisho". Ukisaini hapo, kurudi kudai zaidi ni kupanda mlima. Kama mnabishania sehemu tu, andika kwamba unaomba kulipwa kiasi kisicho na ubishi kama malipo ya awali, bila kuathiri haki yako ya kudai kilichobaki. Wengine watakataa, lakini ombi lako linabaki kwenye faili. Usisaini ukiwa umesimama kaunta, na usisaini kwa sababu wameambatisha hundi.

## Hatua ya 8: Wakikataa

Omba kukataliwa kwa maandishi, kifungu cha hati kikitajwa kwa namba. "Meneja amesema haiwezekani" si jibu.

Kifungue kifungu. Jiulize: ni kweli kinasema hivyo? Maneno yenye utata kwenye mkataba husomwa dhidi ya aliyeyaandika, na aliyeyaandika ni kampuni. Kama wamesema umekiuka sharti, sharti lenyewe lina uhusiano na janga? Mtungi wa moto uliokwisha muda una uhusiano gani na mwizi aliyekata kufuli? Kama wamesema ulichelewa kutoa taarifa, toa nakala yenye muhuri. Hapo ndipo ule muhuri wa mapokezi unapolipa.

Andika malalamiko kwa mkuu wa kampuni, ukurasa mmoja au miwili, ushahidi umepangwa kwa namba, na tarehe ya mwisho ya kujibu. Unahitaji barua hii hata kama unajua watakataa tena, maana kokote uendako baadaye utaulizwa kama ulianzia kwao.

Baada ya hapo kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya watu kama wewe. Huhitaji wakili kufika. Peleka hati, barua ya kukataliwa, malalamiko yako na majibu. Uliza mapema kikomo cha kiasi anachoweza kuamua. Madai makubwa mno yana njia nyingine. TIRA nayo hupokea malalamiko, hasa kampuni inapokaa kimya, kwa sababu ndiyo inayotoa na kufuta leseni zao.

Mahakama ni ya mwisho kwa gharama, si kwa umuhimu. Kabla ya kufungua kesi tazama kama hati ina kifungu cha usuluhishi wa kimkataba. Sheria ya Usuluhishi ya 2020 inakipa nguvu, na kampuni ikikitumia kesi yako inaweza kusimamishwa mpaka mwende huko kwanza. Madai makubwa ya kibiashara yanaweza kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Biashara. Hapo sasa tafuta wakili aliyewahi kushika kesi ya bima, umpe kauntabuku yako.

Na angalia kalenda. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, lakini hati nyingi zina kifungu kwamba usipofungua shauri ndani ya miezi 12 tangu kukataliwa, umeachia. Mawakili wanaweza kubishana kama kifungu hicho kina nguvu. Wewe hesabu miezi 12, tena anzia tarehe iliyo juu ya barua ya kukataliwa, usianzie siku uliyoifungua bahasha. Mazungumzo ya "tunaliangalia, njoo wiki ijayo" hayasimamishi siku hizo, labda waandike kwamba wamekubali zisimame.